Mionzi ya katikati ya galaksi haihitaji kidani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimesoma kwamba mawingu ya gesi yanayolizunguka shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu yanatoa miale ya gama yenye nguvu kupita kiasi. Shuleni nilifundishwa kwamba shimo jeusi halitoi kitu, hata nuru. Sasa miale hii inatoka wapi, na je, inatufikia? Nauliza kwa sababu mama amepata ujumbe kwenye simu kwamba miale ya anga itapita karibu na dunia usiku, na siku chache baadaye akauziwa kidani cha kujikinga. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ulichofundishwa ni kweli na ulichosoma pia ni kweli, maana miale hiyo haitoki ndani ya shimo. Shimo lenyewe, Sagittarius A*, lina uzito wa Jua letu mara milioni 4 hivi, lakini mpaka ambao kikiuvuka kitu hakirudi uko kilomita milioni 12 tu kutoka kitovuni. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Jua. Mawingu unayoyasema yako nje kabisa ya mpaka huo, yametapakaa kwa mamia ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Protoni, yaani chembe zenye chaji chanya zinazopatikana ndani ya viini vya atomu, huongezewa kasi mahali fulani karibu na kitovu, kisha husambaa. Zikiingia kwenye wingu hugonga viini vya haidrojeni, na katika mgongano huo huzaliwa pioni, chembe za muda mfupi tu. Pioni isiyo na chaji haidumu: huvunjika papo hapo na kuacha miale miwili ya gama. Kwa hiyo penye gesi nyingi ndipo penye miale mingi. Darubini za H.E.S.S. zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, zilionyesha jambo hilo mwaka 2006, pale ramani ya miale ilipofuatana na ramani ya gesi. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ikaeleza kwamba baadhi ya protoni hizo zinafikia nguvu ya petaelektronivolti, yaani elektronivolti trilioni elfu moja (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati ya chembe), na mshukiwa wao mkuu akawa Sagittarius A* yenyewe. Kwetu Afrika Mashariki, upande huo wa anga unakuwa juu vizuri mwezi Julai, mnamo saa tano usiku.

Sasa nije kwenye neno "nguvu", kwa sababu ndilo linalowapa matapeli riziki. Miale ya gama ni aina ya nuru isiyoonekana kwa macho, na kama nuru yoyote huja kwa chembechembe. Tunaposema miale yenye nguvu kubwa tunazungumzia nguvu ya chembe moja moja. Hatusemi kwamba chembe hizo ni nyingi. Chembe moja ya gama yenye nguvu ya teraelektronivolti moja (elektronivolti trilioni moja) imebeba nishati inayokaribia ile ya mbu anayeruka. Kwa kitu kidogo kuliko atomu hiyo ni ajabu kubwa, lakini ni chembe ngapi zinazotufikia? Kutoka kitovuni mwa galaksi, kwa kiwango hicho cha nguvu na kuzidi, eneo la mita moja ya mraba juu ya angahewa hupata chembe moja tu kwa zaidi ya mwaka mzima. Safari ni ya miaka ya nuru kama 26,000, na katika umbali huo miale imetawanyika mno.

Na hata hiyo moja haifiki ardhini. Juu ya kila mita ya mraba ya dunia pana hewa yenye uzito wa tani kumi hivi. Chembe ikiingia humo inavunjika ikawa maporomoko ya chembe ndogo, nayo hutoa mmweko wa samawati unaodumu sehemu chache za bilioni ya sekunde. Mmweko huo huangukia duara lenye nusu kipenyo cha mita 120 hivi. H.E.S.S. hunasa mmweko huo, haioni mwale wenyewe, na ndiyo maana hutafuta usiku wenye giza. Watu wamejenga darubini yenye kioo cha mita 28 ili kuokoteza chembe hizi chache, halafu mtu anakuja kumwambia mama yako kwamba zitamdhuru akiwa amelala!

Ujumbe ule wa "zimeni simu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu" umezunguka kwa miaka mingi, hubadilishwa nchi tu. Miale ya anga haina ratiba. Inafika mchana na usiku, tangu kabla ya binadamu kuwapo, na kuzima simu hakuiongezi wala kuipunguza.

Kinachonikasirisha zaidi ni kidani. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilipima bidhaa za aina hii, vidani vikiwemo, na ikatangaza kumi ambazo zenyewe zinatoa mionzi ya kuumiza, kiasi kwamba kuzivaa muda mrefu kunaweza kuleta madhara. Yaani mtu analipa pesa kujikinga na mionzi isiyomdhuru, kisha ananing'iniza mionzi halisi kifuani, usiku na mchana. Wauzaji huviita vya "nishati" au "ayoni", na mnunuzi hana namna ya kujua kwa macho kilichomo ndani.

Kwa hiyo mama akivue leo. Kifungwe, kiwekwe mbali na chumba cha kulala na mbali na watoto, wala kisipondwe ili kuangalia kilichomo. Kisha waulizeni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Kudhibiti mionzi nchini ndiyo kazi yao. Jina la aliyemuuzia liandikeni pia, mwende nalo.