Ndiyo, tuchangie: mshahara wetu unapangwa Saint Paul pia

Mmeuliza wiki hii kama mwanachama wa chama cha wafanyakazi, juu ya ada yake ya kila mwezi, anapaswa kuchangia pia mfuko wa siasa wa chama. Nasema ndiyo. Niko jimbo la Minnesota, Marekani, ambalo makao yake makuu ni Saint Paul; nahudumia wakongwe katika nyumba ya wazee, kazi inayotulisha Wakenya wengi huku.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya mazungumzo ya mkataba. Tulipodai nyongeza, mwakilishi wa mwajiri alifungua kompyuta akatuonyesha hesabu: wazee wetu wengi wanalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kiwango cha malipo hayo kinapangwa na serikali na bunge la jimbo, si yeye. Iliniuma, lakini hapo alisema kweli. Mnaweza kugoma mlangoni wiki nzima, kumbe pesa mnayoidai ilishagawanywa Saint Paul na watu ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku.

Sasa tazameni mwaka 2023. Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, likaunda pia bodi ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za wazee, ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao pamoja na waajiri na serikali. Katika Seneti ya jimbo, Democrats waliokuwa wakiongoza na kupitisha sheria hizo walikuwa 34 dhidi ya Republicans 33. Kiti kimoja! Na kiti hakiji chenyewe: kuna milango ya kugongwa, simu za kupigwa, karatasi za kuchapishwa, na yote hayo yanakula pesa.

Wapo wanaouliza, kwani ada yetu haitoshi? Kwa uchaguzi wa kitaifa, sheria imeifungia njia. Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, Congress, yaani bunge la taifa, ilikataza vyama vya wafanyakazi kuwapa wagombea wa kitaifa fedha za ada. CIO, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, ikajibu mwaka huohuo kwa kuunda kamati ya siasa chini ya Sidney Hillman, kiongozi wa chama cha washona nguo. Katazo likafanywa la kudumu mwaka 1947. Hadi leo mchango unaomfikia mgombea wa Congress lazima utoke mfuko wa pembeni, kwa hiari na sahihi ya mwanachama. Sisi tunaochanga matanga na harusi karibu kila wikendi hatuwezi kushindwa na dola chache kwa mwezi.

Pingamizi ninalolisikia zaidi, hasa kanisani, ni kwamba pesa inaweza kumfikia mgombea anayepingana na imani yetu. Silidharau hata kidogo. Ukikataa kuchangia, uanachama wako haupungui, na hakuna anayeruhusiwa kukuadhibu. Lakini njoo siku wagombea wanapohojiwa na chama, uwaulize mwenyewe. Nimeona viti vingi vitupu siku hizo, halafu lawama zikajaa baadaye.

Na kwa wageni wenzangu: mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hapigi kura za kitaifa, lakini sheria inamruhusu kuchangia. Aliye na kibali cha kazi tu haruhusiwi, kwa hiyo asitie sahihi fomu hiyo hata akibembelezwa. Huyo aje tugonge milango pamoja, maana kujitolea bila malipo hakukatazwi.