Mwalimu wa sanaa shule ya msingi binafsi: mwenye diploma au mchoraji wa mtaani?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, shule yako ni ya binafsi, inafundisha kwa Kiingereza, darasa la kwanza hadi la sita. Unataka mwalimu wa sanaa aanze Januari na mezani yamebaki maombi mawili: dada mwenye diploma ya ualimu ambaye sanaa aliigusa kidogo tu chuoni, na kijana anayechora mpaka watu wanasimama barabarani kumtazama, ila cheti cha ualimu hana. Wachangiaji wengi hapo juu wamekwambia chukua kijana. Mimi nasema usichukue yeyote kati yao kabla hujamwona amesimama mbele ya watoto thelathini wenye rangi mikononi.

Nipo upande wa taaluma katika shule binafsi hapa Mbeya, na usaili wa walimu wa sanaa nimeufanya kwa miaka kadhaa, wa kwetu na wa shule za jirani wanaoniomba nikakae nao. Nitakueleza tunavyofanya, uchukue linalokufaa.

Tuanze na kijana, maana hapo kuna jambo la kisheria ambalo wachangiaji wamelipita kimya. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka anayefundisha awe mwalimu aliyesajiliwa au awe na leseni ya kufundishia. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watataka mafaili ya walimu, na picha nzuri ya twiga haitakaa badala ya cheti. Hiyo haina maana umtupe. Mchukue kama msanii wa kusaidia: aingie darasani pamoja na mwalimu mwenye sifa, aendeshe klabu ya sanaa jioni, umlipe kwa siku anazokuja. Tumewahi kuwa na fundi wa vikapu vya mianzi kutoka Rungwe kwa mpango wa namna hiyo, na watoto walijifunza kwake vitu ambavyo hakuna mwalimu wetu angeviweza. Lakini rejista, andalio la somo na usalama wa watoto vilibaki mikononi mwa mwalimu wa darasa.

Sasa, kabla ya kuchagua mtu, amua unachotaka afundishe. Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na humo mmewekwa kuchora, kufinyanga, kuimba, kuigiza, kukimbia na mpira. Hakuna binadamu anayeyaweza yote hayo vizuri. Ukiandika kwenye tangazo "mwalimu wa sanaa" basi, utapata wapiga ngoma, waimba kwaya, waigizaji, na mmoja au wawili wanaojua kushika brashi. Nilishawahi kusoma maombi ambayo kiambatanisho chake kilikuwa video ya mwombaji akicheza ngoma ya lizombe. Alicheza vizuri kweli, ila sisi tulitaka mtu wa udongo na rangi.

Tangazo letu la mwisho lilikwenda hivi, na unaweza kulikopi: "Anatafutwa mwalimu wa sanaa za ufundi (kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kusuka na kuchapa) kwa darasa la kwanza hadi la sita. Awe na cheti au diploma ya ualimu. Vipindi kwa wiki, mshahara na posho vimeandikwa hapa chini. Ambatanisha picha za kazi zako tatu, na picha za kazi za watoto uliowafundisha: somo moja, watoto kumi tofauti." Mshahara uandike. "Maelewano" humaanisha kwamba mwenye kazi nzuri tayari hatajisumbua, utabaki na wenye shida ya haraka.

Wapi pa kulipeleka? Mwanza kuna Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Ukimpata aliyepita pale na akapenda, umepata mtu anayeijua kazi pande zote mbili. Bagamoyo kuna TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Wahitimu wake ni wasanii hasa, kwa hiyo uliza kama ana ualimu juu yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo waliosoma sanaa pamoja na elimu, ingawa wengi wao macho yao yako sekondari, na ukimpata wa shahada akakubali msingi muulize kwa upole kwa nini. Kuna wenzetu kutoka Kenya na Uganda pia. Makerere wana shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na tumewahi kupata ombi zuri sana kutoka huko. Lakini kwa mgeni unahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na hilo haliishi Desemba ukitaka aanze Januari.

Hizo picha za watoto kumi nimezitaja kwa sababu ndizo zinazoniambia mengi kuliko vyeti. Ziweke zote mezani kwa pamoja. Kama watoto kumi wamechora tembo kumi wanaofanana, mkonga upande ule ule, jua kona ile ile, hapo umeona mwalimu anayechora ubaoni na kusema "nakilini". Zikiwa tofauti, tembo mmoja mnene, mwingine ana miguu sita, mwingine yuko ndani ya daladala, endelea na huyo mtu.

Simaanishi kunakili ni dhambi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, vijana waliomzunguka walijifunza kwa kukaa karibu naye na kufuatisha mkono wake, na baada ya kifo chake 1972 hao ndio walioendeleza mtindo mpaka leo. Karakana inajengwa hivyo. Tofauti ni kwamba kijana wa karakana amechagua kujifunza kazi moja ya kumpa mkate, wakati mtoto wa darasa la tatu unamtaka ajifunze kutazama. Mwalimu anayetoka kwenye karakana anaweza kulielewa hilo vizuri kabisa ukimuuliza, na wapo wasiotaka kulielewa.

Halafu darasa la majaribio. Hili usilikwepe hata kama mwombaji ana shahada mbili. Mpe darasa halisi, tuseme la nne, mpe vifaa vilevile shule ilivyonavyo, usimnunulie vipya kwa siku hiyo: manila, penseli, rangi za maji, magazeti ya zamani, ndoo ya maji na matambara. Kipindi cha darasa la nne ni dakika 40. Keti nyuma, usiseme neno.

Mimi huwa sitazami mchoro kwanza. Natazama namna anavyogawa vifaa. Mwalimu mzoefu hawaachi watoto thelathini wakimbilie meza moja. Ana viranja wa vifaa kabla hata hajajua majina. Natazama kama ameeleza kwa dakika tano na kuwaacha wafanye, au amehubiri robo saa mpaka rangi zimekauka kwenye vifuniko. Natazama mahali anaposimama wakati watoto wanafanya kazi. Mbovu anakaa mezani, au anachora yeye mwenyewe ubaoni akisubiri sifa. Na zaidi ya yote natazama dakika kumi za mwisho. Asiyewahi kufundisha sanaa husahau kabisa kwamba brashi huoshwa, meza hufutwa, na kazi mbichi zinahitaji pa kukaushwa. Kengele inapigwa, mwalimu wa hisabati yuko mlangoni, na sakafu ni ziwa.

Mwaka mmoja tulikuwa na wawili wa mwisho. Wa kwanza alikuwa nadhifu ajabu, darasa kimya, kazi zote zilitoka safi, na zote zilikuwa nyumba moja yenye mnazi mmoja. Wa pili alikuwa mama aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa upande wa Kyela, kwa Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu na kuvileta mnadani Matema. Aliomba abadilishiwe, atumie udongo badala ya rangi, na akaja nao mwenyewe kwenye mfuko wa sandarusi. Darasa lilikuwa na kelele, vikombe viwili vya maji vilimwagika, na mtoto mmoja alilia kwa sababu shingo ya chungu chake ilianguka. Yule mama hakukishika kile chungu. Alichuchumaa, akamuuliza: shingo imekuwa nzito kuliko tumbo, au tumbo ni laini mno? Mtoto akabonyeza, akafikiri, akaanza tena na tumbo nene zaidi. Mkurugenzi alimtaka wa kwanza, kwa ajili ya unadhifu. Tulibishana mpaka jioni, na aliyeajiriwa ni wa pili.

Mkimaliza darasa, mkae ofisini na maswali machache. Usiulize "sanaa ni nini". Muulize: mtoto wa darasa la tano anakwambia, "Mwalimu, mimi sijui kuchora", utafanyaje? Umri huo, miaka tisa mpaka kumi na moja hivi, watoto huanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe, wakiona haifanani wanakata tamaa, na wengi hawachori tena maishani. Anayesema "namchorea kidogo ili aone" mwekee alama ya kuuliza. Anayesema atamwekea kiatu mezani akitazame kwa dakika mbili bila penseli, au atamgeuzia picha juu chini anakili mistari badala ya "kichwa" na "mguu", huyo amewahi kukutana na mtoto wa namna hiyo.

Swali jingine zuri ni batiki. Muulize angewafundishaje darasa la nne. Batiki ya mafundi ina nta ya moto, na rangi nyingi huchanganywa na kostiki soda inayounguza ngozi. Jibu unalolitaka ni kwamba hawezi kuwapa watoto vitu hivyo: atatumia uji mzito wa unga badala ya nta, au kufunga kitambaa kwa kamba, na rangi isiyo na madhara. Akikutajia kostiki soda bila kutaja glavu, mshukuru na umsindikize getini.

Rejea zake zipigie simu, usisubiri barua. Muulize mwalimu mkuu wa zamani swali moja tu: ungemwajiri tena? Kimya kinachofuata kisikilize. Kwa mtu atakayekuwa na watoto kwenye chumba cha kando, nyuma ya makabati ya rangi, usione haya kuuliza pia alivyoishi nao.

Kuhusu Kiingereza, najua wamiliki wengi ndipo wanapomchuja mtu. Sikubaliani nao sana. Yule mama wa Kyela Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga wakati ule. Tukakaa naye, tukaandika orodha ya maneno ya kila somo, tukaibandika ukutani, na watoto wakawa wanamsahihisha kwa furaha. Afadhali sarufi inayokua kuliko mkono usiojua udongo. Ila kama shule yako wazazi wanalipia lugha na watakuja kulalamika, liseme wazi kwenye usaili, usimfiche mtu halafu umwandikie barua mwezi wa tatu.

Sasa yule dada wako wa diploma. Mwite umpe darasa. Kama watoto wanamsikiliza na haogopi kuchafuka, sanaa anaweza kuiongeza. Mpeleke likizo kwa wafinyanzi, kwa wachoraji, mpe huyo kijana awe msaidizi wake siku mbili kwa wiki, na hapo utakuwa umewapata wote wawili kihalali. Kama anashika brashi kama anashika nyoka, tangaza upya.

Na kuna upande wa shule, ambao ndio unaowakimbiza hawa watu. Mwalimu wa sanaa akishaingia, kila mtu anamwona fundi rangi. Atachora ramani ya Afrika ukutani, ataandika vibao vya "Usikanyage majani", atapamba jukwaa la mahafali, atatengeneza kadi za bodi. Nimesikia hata shule inayoita waombaji, inawapa ukuta wachore kama "jaribio", ukuta ukiisha hakuna anayeajiriwa. Andika kwenye mkataba kazi za mapambo ni ngapi kwa mwaka na zinalipwaje. Weka pia bajeti ya vifaa kwa kila muhula, na fedha apewe yeye akanunue, kwa risiti, maana mhasibu akienda sokoni Mwanjelwa atarudi na krayoni za nta ngumu zisizotoa rangi kwa sababu zilikuwa za bei nafuu.

Ratiba nayo. Omba ofisi ya taaluma impe vipindi viwili mfululizo, dakika 80, hata kama ni mara moja kwa wiki. Na visiwekwe Ijumaa mchana, ambako wakati wa upimaji wa darasa la nne ukikaribia, mwalimu wa hisabati atavichukua vyote na hakuna atakayemzuia. Tulimpoteza mwalimu mzuri kwa sababu hiyo tu. Alikwenda shule inayomlipa karibu sawa na sisi, ila vipindi vyake havichukuliwi.

Kipindi cha majaribio mpe miezi mitatu, umtembelee darasani mara kwa mara, na ukutani uwe unaangalia kama kazi zinabadilika au ni zile zile za wiki ya kwanza. Tangazo lako ukiliandika liweke hapa tulipitie kabla hujalirusha.