Yuko Wapi Yule Dada wa Kwenye Picha?

Nilipotaja mwezi uliopita kwamba niliwahi kukodisha kanda za video pale Kaloleni, Arusha, sikujua kuwa najichokoza mwenyewe. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Kila mtu ana mwigizaji wake aliyemwacha mahali fulani kati ya sinema na deki, na anataka nimtafutie alipo. Nimechagua maswali machache. Yale ya "eti kweli kafulia?" nimeyaweka kando, na sababu nitaitaja nikifika kwa Wanaijeria.

Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wakati wazungu wanatengeneza picha kule Momella. Mpaka uzeeni alikuwa akimtaja "Mama Tembo", mwanamke mwembamba aliyekuwa anafuatwa na ndama wa tembo. Alikuwa nani, na yuko wapi siku hizi? (Msomaji, Usa River)

Marahaba mjukuu wangu. Babu hakuwa anaota. Picha hiyo ni *Hatari!* ya mwongozaji Howard Hawks. Walikuja kuipiga huku mwishoni mwa 1960 wakaendelea mpaka mapema 1961, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na ikatoka 1962. Ukiwauliza watu, watakwambia ni picha ya John Wayne. Mimi nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kwangu wenye picha yao ni wale ndama watatu na yule mwanamke.

Anaitwa Elsa Martinelli, Mwitaliano wa Grosseto, kazaliwa 1935. Alianza kama mwanamitindo, Kirk Douglas akamwingiza kwenye picha ya Kimarekani mwaka 1955, na mwaka uliofuata akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin. Kwa hiyo alipotua Arusha hakuwa mgeni wa kamera. Humo ndani ni mpiga picha anayeitwa Dallas, anatumwa kwenye kambi ya watu wanaokamata wanyama wa kupeleka zoo za nje. Analea ndama mmoja, wanakuwa wawili, wanafika watatu, na Waarusha wanampachika jina: Mama Tembo. Mwishoni anajaribu kutoroka, na ndama wanatumwa kumtafuta mjini Arusha. Tazama miguu yao wanapoingia ndani ya majengo. Wanatembea kama watoto waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa.

Martinelli alirudi kwao, akaendelea na picha za Ulaya, na alifariki Roma Julai 2017 akiwa na miaka 82. Mwenzake, Mfaransa Michèle Girardon, yule binti mwenye kambi, hakuishi hata nusu ya umri huo: alifariki 1975 akiwa na miaka 36. Picha ile ile, kambi ile ile, jua lile lile la Momella. Aliyebaki na sisi ni Mjerumani Hardy Krüger, aliyenogewa na mahali akanunua shamba huko huko chini ya Meru na kuishi hapo kwa miaka. Naye alifariki 2022. Nyumba zake ndizo zilizozaa hoteli ya kitalii yenye jina la ile picha. Ukipanda na familia kuangalia twiga, simama getini uwasimulie watoto habari za babu yao.

Miaka ya themanini hapa Majengo sisi wapenzi wa picha za Kihindi tulikuwa kambi mbili, ya Zeenat Aman na ya Parveen Babi. Mimi wa Parveen. Mama watoto ananiambia alishakufa siku nyingi, mimi nakataa. Nani mkweli? Na yule Mumtaz wa kabla yao? (Mzee wa Majengo, Moshi)

Mama watoto ndiye mkweli, pole sana mzee mwenzangu. Parveen Babi aliacha picha mwaka 1983 akiwa bado juu, akasafiri miaka kadhaa, akarudi Mumbai amebadilika. Alikuwa anaugua maradhi ya akili, skizofrenia, na alijifungia na kuwatilia shaka hata waliompenda. Januari 2005 majirani waliona pakiti za maziwa na magazeti vimelundikana mlangoni kwake bila kuokotwa. Polisi walipofungua, alikuwa ameshafariki siku kadhaa nyuma. Huyu ndiye mwanamke aliyewekwa kwenye jalada la gazeti la *Time* la Marekani mwaka 1976. Nikikumbuka zile pakiti za maziwa sina hamu ya kuongeza neno.

Wa kambi ya pili furahini. Zeenat Aman, wa 1951, mwaka 2023 alifungua ukurasa wa Instagram na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa picha yake ya *Qurbani* wakajaa. Anaweka picha za zamani na kuandika chini yake maneno marefu yenye akili, juu ya uzee, pesa, ndoa, jinsi waigizaji wanaume walivyokuwa wanalipwa zaidi. Mvi zake kaziacha nyeupe. Mzee, mwombe mjukuu akuonyeshe, ila mama watoto asikuone umetabasamu.

Na Mumtaz? Huyo ni shemeji yetu. Mwaka 1974, jina lake likiwa linajaza kumbi, aliolewa na Mayur Madhvani wa ukoo wa Madhvani wa Uganda, wale wa sukari ya Kakira. Idi Amin alikuwa ameshawafukuza Wahindi tangu 1972, hivyo maisha yao yakawa ya London zaidi. Alijaribu kurudi kwenye picha mwaka 1990, haikunoga, akaridhika. Aliugua saratani ya matiti, akapona. Wangapi kati yetu tulikuwa tunamlilia kwenye skrini huku tunakunywa chai yenye sukari ya wakwe zake?

Dada yake Bruce Lee kwenye *Enter the Dragon* alikuwa dada yake wa kweli? Tulibishana mpaka tukapigana. (Msomaji, Ngarenaro)

Hapana. Dada za Bruce Lee wa kuzaliwa ni Phoebe na Agnes, wala hawamo kwenye picha ile. Yule ni Angela Mao, mzaliwa wa Taiwan, 1950, aliyelelewa kwenye shule ya opera ya Kichina, ambako mtoto anafundishwa sarakasi, kuimba na kupigana kabla hajajua hesabu. Ndiyo maana mateke yake yalikuwa yananyooka vile.

Ubaya ni kwamba wengi wetu tunamjua kwa zile dakika chache za 1973 tu: anakimbizwa vichochoroni, anaangusha wanaume mmoja mmoja, anaishia kwenye banda, anaona hana njia, anachukua kipande cha kioo. Ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza hapo, hata wauza karanga. Lakini mwaka mmoja kabla alikuwa stelingi mwenyewe kwenye *Hapkido*, na hakuhitaji kaka wa kumlipizia kisasi. Kwenye vibanda vyetu picha zake zilikuwa zinatangazwa kwa chaki kama "Bruce Lee wa kike", jambo lililokuwa linaniudhi, maana hakuna aliyemwita Bruce Lee "Angela Mao wa kiume".

Yuko New York. Alihamia Marekani miaka ya tisini, na familia yake ikafungua migahawa ya Kichina mtaa wa Queens. Wateja walikula tambi miaka na miaka bila kujua yule mama anayepita kati ya meza angeweza kuwarusha dirishani.

Naomba Cherel wa tamthilia ya Isidingo. Mama yangu alikuwa hapiki ugali mpaka iishe. (Msomaji, Sakina) Na mimi Yna wa *The Promise*. (Msomaji, Pasua)

Cherel, yule mwovu aliyevaa vizuri kuliko wema wote, alikuwa Michelle Botes wa Afrika Kusini. Alifariki Desemba 2024 kwa saratani, umri miaka 62. Mpe mama pole yangu, na hongera kwa kuchagua adui mwenye hadhi.

Yna ni Kristine Hermosa wa Ufilipino. Aliolewa 2011, ana watoto kadhaa, na kamera kaiweka pembeni kwa hiari. Kwa walioniuliza kama aliolewa na Angelo, mpenzi wake wa mle kwenye tamthilia: hapana, na mlie tu.

Mbona waigizaji wa kike wa Nigeria tuliowapenda wote wameishia vibaya? (Msomaji, Kiboriloni)

Wote nani? Chukua Regina Askia, mrembo wa miaka ya tisini aliyekuwa kwenye kila jalada la mkanda. Yuko Marekani, kasomea uuguzi mpaka ngazi ya juu, na anatibu wagonjwa. Huo ndio mwisho mbaya? Eucharia Anunobi ni mchungaji. Patience Ozokwor, "Mama G", bado anawatesa wakwe kwenye picha mpaka leo.

Hapa ndipo pananikera. Mwanamume akiacha kuigiza akafungua duka, tunasema kajipanga. Mwanamke akivaa sare ya nesi, tunasema kafulia. Binti yangu ni nesi. Anaamka saa kumi na moja, Arusha hii ya Julai yenye baridi ya kung'ata, anakwenda zamu. Siku nikisikia mtu anamwita aliyefulia tutaonana. Ndiyo maana maswali yenu ya kufulia nimeyaacha kwenye simu, yaozee humo.

Na wa kwetu? Mbona umejaza wageni tu? (Msomaji, Himo)

Umenikamata. Basi nikupe mmoja ambaye wengi wamepita karibu naye bila kujua: Amandina Lihamba, aliyeigiza kwenye *Maangamizi*, picha ambayo Tanzania iliipeleka Marekani kugombea Oscar mwaka 2001. Yeye hakuacha kazi akawa kitu kingine, vyote alivifanya kwa mpigo: profesa wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji. Shahada yake ya uzamivu, Leeds 1985, ilihusu siasa na maonyesho ya jukwaani nchini mwetu baada ya Azimio la Arusha. Mji wetu huo, kwenye kava la tasnifu.

Mzee, mimi ni mteja wako wa zamani. Sridevi wa picha za Kihindi alikufaje? Na ile kanda yako ya picha yake ya *Nagina*, bado unayo? (Msomaji, Kaloleni)

Alifariki Februari 2018, hotelini Dubai, alikokwenda kwenye harusi ya ndugu. Alizama kwenye beseni la kuogea, ikaamuliwa ni ajali. Alikuwa na miaka 54, na miaka sita tu nyuma alikuwa amerudi kwa kishindo na *English Vinglish* baada ya kukaa kimya miaka kumi na mitano akilea mabinti.

Sasa kanda. Kama ulikuwa mteja kweli, unakumbuka kwamba *Nagina* yangu ilikuwa inaruka. Nilimkodisha jirani kwa sherehe ya kipaimara, deki yao ikaimeza katikati ya ile ngoma ya nyoka. Waliivuta kwa mkono kama utumbo wa mbuzi. Iliporudi nilikaa na wembe na selotepu chini ya taa, nikakata pale palipokunjamana, nikaunga. Kuanzia siku hiyo Amrish Puri anainua zumari, Sridevi anageuka na yale macho, halafu paa! hayupo. Wakubwa walidai warudishiwe pesa. Watoto wa Kaloleni hawakudai. Walielezana kwamba ndivyo nyoka wanavyofanya, na walikuwa wanakuja kuikodisha kwa ajili ya hapo tu.

Ndiyo, ninayo, ipo kwenye sanduku chini ya kitanda. Deki ndiyo sina. Mwenye nayo inayozunguka aje nayo, na wembe aje nao.