Sekondari ya kutwa ya serikali Lamu: kakague kabla ya kukata shauri

Dada, umeuliza kama binti yako anayeingia Gredi ya 10 asome sekondari ya kutwa ya serikali hapo Lamu, au umpeleke bweni la kibinafsi Malindi. Mimi ningeanza na hiyo ya serikali, ila nenda ukaione siku ya kawaida ya masomo, si siku ya mkutano wa wazazi.

Ingia maabara. Fungua mfereji uone kama unatoa maji, uliza kama gesi ipo, kisha waulize wanafunzi wenyewe ni lini walifanya majaribio kwa mikono yao. Mwalimu akifanya peke yake huku darasa zima likitazama, mtoto ataumia mtihanini.

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa zamani, yatakusaidia kuwapima walimu tu, maana utafanywa mara ya mwisho 2027 na binti yako hataufanya. Hata hivyo wastani usikupumbaze: uliza wangapi walifanya, wangapi walipata C+ ya kuingilia chuo kikuu. La muhimu zaidi ni njia za masomo zinazofundishwa: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Si kila shule ina zote tatu.

Chakula cha mchana na sare ni juu yako. Mkiwa kisiwa cha Manda, ongeza nauli ya boti, na fikiria atavukaje kusi ikivuma.

Vyoo vya wasichana vitazame kwa macho yako. Milango inafungika? Maji yapo? Vikiwa vibaya, kila mwezi atakosa masomo siku kadhaa.