Mama amepata kiharusi: nimwajirie mtu au nimpeleke makao ya wazee?

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umesema mama ana miaka 74, amepooza upande wa kulia, nanyi mnaishi Umoja, ghorofa ya nne.

Usianze na bei. Anza na hali yake: anameza bila kupaliwa? Anaweza kujigeuza kitandani? Kama hawezi, ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, la sivyo atatoka vidonda kiunoni na visiginoni. Kazi hiyo tafadhali usimtwike yaya anayepika na kufua. Wataumia wote wawili. Tafuta mhudumu aliyefunzwa, na akijiita muuguzi, omba leseni yake ya Baraza la Wauguzi. Mazoezi ya viungo yasisubiri, kwani miezi ya kwanza ndiyo mwili hurudisha nguvu zaidi. Kwa ngazi hizo, afadhali mtaalamu aje nyumbani.

Makao ya wazee si aibu, watu waseme watakavyo. Ila nenda mwenyewe saa ya chakula cha jioni, uone nani analishwa na nani sahani yake inapoa. Angalia kucha, nusa shuka.

Mama bado anaongea vizuri, umesema. Basi muulize yeye kwanza, kabla ya kikao cha ndugu zako Jumamosi.