"Faire" ikifuatwa na kitenzi kingine
Habari ndugu. Umekwama kwenye sentensi ya Kifaransa *je fais réparer la voiture* (ninatengenezesha gari): kwa nini kitenzi "faire" (kufanya), wakati anayetengeneza gari ni fundi? Hapo "faire" inafanya kazi ya -ish-/-esh- yetu: unasababisha mwingine atende.

Angalia kwanza mpangilio. Nomino haiingii katikati ya vitenzi hivyo viwili, na kiwakilishi hutangulia "faire": *je la fais réparer*, si *je fais la réparer*. Kwenye amri isiyo ya kukanusha, kiwakilishi hufuata "faire": *fais-la réparer*.

Wengi huteleza wakati uliopita. *La voiture, je l'ai fait réparer*: "fait" haiongezwi "e" ingawa neno "voiture" ni la jinsia ya kike, kwa kuwa ikifuatwa na kitenzi haibadiliki kamwe.

Na kwa "ninyi mnafanya" ni *vous faites*, *faisez* haipo.