Kwa nini Ghana na si chuoni?
We uliyeuliza mbona wahitimu wa vyuo vya weusi Marekani wanafanya riyunioni Ghana wakati chuo kipo, kwani chuoni wameacha kwenda? Kila msimu wa vuli wako huko, bendi, nyama za kuchoma pakingi, kelele zote. Ghana ni habari nyingine. Nkrumah mwenyewe kasoma Lincoln, chuo cha weusi kule Pennsylvania, kamaliza 1939, na Du Bois, yule msomi mpigania haki za weusi aliyesoma Fisk, chuo kingine cha weusi, kazikwa Accra, sasa utaachaje kwenda? Halafu ile ngome ya Cape Coast, mnashuka kule chini walikofungiwa watu waliouzwa utumwani, giza, vidirisha vidogo juu kabisa, mtu mliyekuwa mnasalimiana tu darasani unajikuta umemshika mkono. Ila nauli jamani, inawachuja wengi.